Saratani ya Uzazi Inayowapata Mabinti

Askari aliyelinda mpaka miezi mingi huenda akarudi nyumbani akamkuta binti yake wa miaka 15 amekonda, atoka damu, na akohoa. Mama asema ni kifua kikuu. Majirani wanong'ona habari za mimba iliyoharibika. Twawaandikia ndugu zetu wa jeshi na polisi kwa kuwa huenda mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja.

Iko mimba isiyo na mtoto. Kondo la nyuma huvimba likawa vifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, nayo huitwa mimba zabibu. Wasichana wasiofika miaka 16 huipata zaidi kuliko wanawake waliokomaa. Aghalabu ikisafishwa hospitalini, shida huisha. Lakini mara chache mabaki yake hugeuka saratani iitwayo koriokarsinoma, ambayo huweza pia kufuata mimba iliyotoka, au hata uzazi wa kawaida. Hupita katika damu hadi mapafuni. Ndicho kisa cha kikohozi.

Zamani waliofikia hali hiyo walikufa karibu wote. Mwaka 1956, huko Bethesda, Marekani, Daktari Min Chiu Li, mzaliwa wa China, pamoja na Roy Hertz, walimtibu mwanamke mmoja kwa methotreksati, dawa inayozuia seli zisijigawe. Uvimbe wa mapafu ukatoweka. Baadaye Li aliendelea kuwadunga wagonjwa hata picha za eksirei zilipokuwa safi, maana homoni ya mimba ilikuwa ingali mwilini. Wakuu wake walidhani anawatesa bure, wakamwondoa kazini. (Askari yeyote angewaambia kwamba adui asiyeonekana si lazima awe amekwisha.) Ikadhihirika kuwa ni yeye aliyekuwa na haki, na mwaka 1972 yeye na Hertz walitunukiwa tuzo ya Lasker.

Kanuni yake yatumika hata leo. Homoni hiyo ndiyo itafutwayo na kipimo cha kawaida cha mimba. Ikiwa haishuki baada ya kusafishwa, au yapanda tena, binti arudi hospitalini upesi. Ugonjwa usioenea sana huponywa karibu wote; ulioenea hupewa dawa kadhaa pamoja, na wengi hupona. Mara nyingi mfuko wa uzazi haukatwi, hivyo aweza kuzaa baadaye, ila asishike mimba wakati angali akipimwa, kwani mimba mpya itauficha ugonjwa.

Kwetu Uganda, taasisi ya saratani iliyopo Mulago, Kampala, ilianza kazi mwaka 1967. Lakini huko hafiki binti aliyefukuzwa nyumbani kwa fimbo, wala yule anywaye vidonge vya kifua kikuu bila kuulizwa jambo jingine.

Daktari atamwuliza kama alipata kuwa na mimba. Swali hilo likifika, yafaa baba atoke nje ya chumba. Mbele ya sare ya baba, binti atakana.