Mpishi wa loji anaporudi mjini

Mpishi wa loji ya kitalii huweza kukaa porini wiki kadhaa akiwapikia wageni, huku wanawe Arusha wakila bila yeye. Mwaka 2020, corona iliposhusha idadi ya watalii walioingia nchini kutoka takriban milioni 1.5 hadi 620,000, loji nyingi zilifungwa na wapishi wakarudi nyumbani. Wapo waliofungua migahawa yao midogo.

Hapo hakuna kitambaa cheupe mezani wala haja ya kuweka nafasi mapema. Kuna mtori, ndizi nyama na loshoro ya mahindi na mtindi. Mboga hununuliwa soko la Tengeru, chini ya Mlima Meru. Tofauti iko jikoni: supu ya mifupa iliyochemka taratibu, nyama iliyopumzishwa kabla ya kukatwa, na ubao wa nyama mbichi usiokatiwa kachumbari. Ukienda na watoto, uliza kwanza kilichopikwa leo.

Mgahawa hauna bahashishi ya dola, na kodi ya pango haisubiri masika yaishe. Lakini usiku mpishi hufunga jiko, akalala kwake.