Kipupwe kimeingia Songwe: Miguu ya mtoto ilindwe kwa soksi, si kwa jiko la mkaa chumbani

KILA mwaka mvua zinapokatika, wakazi wa Mkoa wa Songwe huanza kutoa makoti masandukuni. Mei hupita na upepo, na ikifika Juni kipupwe kimeshaingia ndani ya nyumba, hakitoki hadi Agosti. Tunduma mpakani na Zambia, Vwawa, Mlowo na milima ya Ileje, asubuhi ni mitandio na sweta, mchana jua na vumbi, jioni kila mtu anautafuta moto. Ni wale tu walioko bondeni Kamsamba, kuelekea Ziwa Rukwa, wanaoendelea kulalamikia joto.

Wageni wanaoletwa Tunduma na kazi au biashara hushangaa: mchana jua linachoma, usiku baridi inauma. Sababu ni kwamba msimu huu anga halina mawingu. Joto la mchana linapopanda juu usiku hakuna cha kulizuia, na nyumba yenye bati bila dari hupoa upesi.

Hapo ndipo maisha ya nyumbani hubadilika. Uji hurudi mezani asubuhi, makande huchemka tangu mchana, watoto huoga saa tisa alasiri badala ya jioni. Na kwa kuwa mahindi yameshavunwa, akina mama wengi hupata nafasi ya kukaa barazani na sindano za kufumia mkononi.

Hatari iliyo ndani ya jiko

Kabla ya sindano, tuseme lililo zito. Baridi inapozidi, zipo familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani, zinafunga mlango na dirisha, kisha zinalala. Mpenzi msomaji, usifanye hivyo hata usiku mmoja.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa ambao hautoi moshi tena bado huitoa. Ukiivuta, hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, lakini aliyelala hazioni. Usingizi unakuwa mzito mpaka anapoteza maisha. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi na mkimbize hospitali. Usipoteze muda kumnywesha maziwa.

Jiko libaki nje au jikoni penye hewa. Joto la chumbani litoke kwenye blanketi, nguo na soksi.

Mtoto mchanga kwanza

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na aliyezaliwa kabla ya wakati ndiyo zaidi. Joto la mwili wake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Ukigusa tumbo au mgongo ukauona wa baridi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike kwa khanga na blanketi, mnyonyeshe. Akibaki wa baridi au akikataa kunyonya, nenda kituo cha afya mara moja. Kofia na soksi husaidia kulinda joto hilo, ndiyo maana bibi zetu hawakusubiri mjukuu azaliwe ndipo watafute uzi.

Soksi rahisi ya sindano mbili

Soksi yenye kisigino huwatisha wanaoanza. Ipo isiyo na kisigino, na mtoto huivaa muda mrefu kwa sababu inafuata mguu unavyokua.

Anza na vitanzi 32 kwa uzi wa unene wa kawaida. Fuma viwili kwa mbele, viwili kwa nyuma, ule ufumaji wa kuvutika tunaouona kwenye pindo la mkono wa sweta. Endelea mpaka ufikie sentimita 12. Sasa punguza: unganisha vitanzi viwili viwili mstari mzima vibaki 16, fuma mstari mmoja, kisha unganisha tena vibaki 8. Kata uzi, upitishe ndani ya vitanzi vyote, vuta, kaza fundo na ushone ubavu.

Asiye na sindano za dukani hutumia spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Uzi nao si lazima uwe mpya. Sweta la mtumba lililochakaa viwiko linafumuliwa. Unaponunua, tazama mshono wa ubavuni. Kama pande zilikatwa na kupigwa ovaloki, uzi utatoka vipande vipande, liache. Uzi uliofumuliwa ulowanishe na kuutundika ili unyooke.

Ukimaliza, geuza soksi ndani nje na ukate nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi mmoja uliolegea unaweza kukiviringa kidole cha mtoto na kuzuia damu. Mtoto akilia bila sababu, mvue soksi utazame vidole. Na ikilowa, ibadilishe; soksi mbichi ni baridi kuliko mguu mtupu.

Je, inalipa?

Kwa soksi za watu wazima, tuseme ukweli, huwezi kushindana na za sokoni, maana jozi moja inakula siku kadhaa. Kinachouzika ni seti ya mtoto: kofia, soksi na sweta, zawadi ya kumpelekea mzazi. Piga hesabu ya uzi na ya siku zako kabla ya kutaja bei, na anza kufuma Machi ili Juni ikukute na mzigo.

Wanaofanya kazi hiyo pamoja wanaweza kusajili kikundi na kuulizia halmashauri mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, pita chumba cha watoto. Gusa miguu yao, ongeza blanketi panapohitajika, na uhakikishe jiko limelala nje.