Kenchi Iliyofichika Ndani ya Zege

Apitaye mitaa ya Chang'ombe, mjini Dodoma, hakosi kuona nyumba isiyoezekwa bado, na juu yake kenchi: mbao zilizopigiliwa pembetatu pembetatu, nyingine zikibanwa na nyingine zikivutwa. Kenchi kama hiyo imo pia ndani ya boriti ya zege, ila macho hayaioni.

Chukua chaki. Ukiibana kwa ncha zake mbili haivunjiki upesi. Ukiikunja hukatika mara moja, kwa kuwa upande wake mmoja umevutwa. Zege lina tabia hiyo hiyo. Nguvu yake ya kuhimili mvutano ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kuhimili mgandamizo, na ndiyo maana hutiwa nondo. Wilhelm Ritter wa Uswisi, mwaka 1899, na baada yake Emil Mörsch wa Ujerumani, walieleza kwamba boriti iliyokwisha kupata nyufa hufanya kazi kama kenchi. Nondo za chini huvutwa. Kati ya ufa na ufa hubaki vipande vya zege vilivyolala mshazari, navyo hubanwa. Tuviite gadi, kwa jina la miti ile inayotegemeza jahazi lililopandishwa pwani. Ringi za chuma huipokea kani kwenye mguu wa gadi moja na kuipandisha hadi kichwa cha gadi inayofuata.

Tufanye hesabu ndogo. Boriti fupi imebeba kilonyutoni 200 katikati. Kila egemeo hupokea 100. Gadi ikiinuka nyuzi 45 kutoka mlalo, hubanwa kwa 100 ÷ sin 45°, yaani kilonyutoni 141. Ikiinuka nyuzi 30 tu, hubanwa kwa 200, na mvutano wa nondo za chini hupanda kutoka 100 hadi 173. Nondo isiyopindwa vizuri penye egemeo itachomoka, na gadi itakosa pa kusimamia.

Tena gadi haina nguvu zote za zege. Katikati hutanuka kama tumbo la chupa, na kutanuka huko huipasua kwa urefu. Kwa zege la kawaida, kanuni za Ulaya huihesabia gadi yenye nyufa zaidi kidogo ya nusu tu ya nguvu za zege zima.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, ringi hazibebi kitu, zinashika nondo tu," huku akizipanga mbalimbali ili chuma kitoshe. Nilimwelewa, maana chuma ni ghali. Lakini alikuwa akiiondoa miguu ya kenchi yake mwenyewe. Nasi tuko karibu na Bonde la Ufa. Ardhi inapotikisika, nguzo husukumwa huku na huko, na gadi hugeuka upande kila mara: nyufa za mshazari hukatana kama herufi X. Hapo ringi zilizokaribiana, zenye ncha zilizopindwa kuingia ndani, ndizo zinazolizuia zege lililopasuka lisimwagike.

Kabla zege halijamwagwa, rula ya shuleni yatosha kupima nafasi kati ya ringi na kuilinganisha na mchoro. Likishamwagwa, hakuna awezaye kuziona tena.