Fimbo ya kuvulia ya mikono miwili: ni ya nini, na huchaguliwaje?

Huenda umeiona video hiyo kwenye simu yako. Mtu amesimama mtoni, maji yamemfika kiunoni, na kwa mikono yote miwili ameshika fimbo ya kuvulia yenye urefu unaopita mita 4. Anauburuza mshipi juu ya maji, anauzungusha upande mmoja wa mwili wake, kisha kwa pigo moja mshipi unaruka na kuvuka mto. Anarudia hivyo hivyo saa nzima. Hatimaye anapata samaki mmoja, anamtoa ndoano, na kumwachia aende zake.

Tulipozungumzia hewani uvuvi wa mito ya nchi za baridi, maswali yaliyotufikia yalikuwa hasa mawili. La kwanza: fimbo yote hiyo ya nini? La pili lilitoka kwa wale wanaopenda mambo ya zana: mtu akiitaka, atajuaje inayomfaa? Tunayajibu yote mawili hapa, kwa sababu ukilielewa la kwanza, la pili linakuwa jepesi.

Twende kwanza Uskoti, kaskazini mwa Uingereza. Huko kuna mto uitwao Spey, wenye urefu wa karibu kilomita 170, unaomwaga maji yake Bahari ya Kaskazini. Kila mwaka samaki aina ya samoni hutoka baharini na kupanda mto huo kwenda kutaga. Samoni akishaingia kwenye maji baridi huacha kula. Kwa hiyo mvuvi hamtegi kwa njaa; humchokoza. Humpitishia mbele ya macho kile wanachokiita nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi za rangi ikafanana na mdudu au kisamaki kidogo, mpaka samaki akasirike na kuidaka.

Sasa, nzi bandia hana uzito wowote wa maana. Wewe unayevua kwa ndoano ya kawaida unajua kwamba risasi au kijiwe ulichofunga ndicho kinachouvuta mshipi uende mbali. Katika uvuvi huu hakuna risasi. Mshipi wenyewe umetengenezwa mnene na mzito, nao ndio unaobeba ndoano. Ili urushike, kawaida mvuvi huutupa kwanza nyuma yake wote, unyooke hewani, ndipo aurushe mbele.

Kwenye kingo za Spey jambo hilo halikuwezekana. Sehemu nyingi nyuma ya mvuvi kuna miti au kuna ukingo mrefu uliosimama wima. Mshipi ukienda nyuma, unanasa. Katikati ya karne ya 19, wavuvi wa bonde hilo wakawa wanautumia mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mto huo. Mshipi hauendi nyuma kabisa. Mvuvi huulaza ncha yake juu ya maji karibu naye, na sehemu iliyobaki inafanya tao dogo nyuma ya bega. Maji yanaishika ile ncha, fimbo inapinda kama upinde wa mshale, na inapojinyoosha inaurusha mshipi mbele. Ili tao hilo dogo liwe na nguvu ya kuvuka mto mpana, fimbo inabidi iwe ndefu, na fimbo ndefu haishikiki kwa mkono mmoja.

Za zamani zilikuwa adhabu. Zilitengenezwa kwa mbao ngumu ya mti wa msitu wa Guyana, Amerika ya Kusini, na nyingine zilifika mita 5 au zaidi. Baadaye ukaja mwanzi wa China uliopasuliwa na kugundishwa, kisha nyuzi za kioo, na kuanzia miaka ya 1970 nyuzi za kaboni. Leo fimbo ya mita 4 na zaidi kidogo ina uzito wa karibu robo kilo tu.

Mto ndio unaochagua

Hapa tunaingia kwenye kuchagua, na tunasema wazi maoni yetu: wanunuzi wengi huanza na bei au jina la kampuni, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na mto. Jiulize una upana gani mahali utakaposimama, una kina gani, na nyuma yako kuna nini.

Kwa mito mikubwa ya Uskoti kama Tay, au Spey ulipojaa maji ya mwanzo wa mwaka, wengi hushika fimbo ya futi 15, yaani kama mita 4.6. Ya futi 14, mita 4.3 hivi, ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa mtu atakayekuwa na fimbo moja tu kwa mwaka mzima. Maji yakipungua kiangazi, au mto ukiwa wa wastani, futi 13 au 12 zinatosha na hazichoshi mabega. Chini ya hapo kuna za futi 11 hivi, ambazo hutumika kwa mikono miwili au mmoja. Ni nzuri kwa mto mdogo, lakini mtu asiyejua bado humsumbua, kwa sababu zinasamehe makosa machache kuliko zile ndefu.

Urefu una faida nyingine ambayo kwenye video haionekani. Mshipi ukishatua, mkondo wa katikati unauvuta kwa kasi na ndoano inaburuzwa upesi mno, samaki hana hamu nayo. Mwenye fimbo ndefu huinua sehemu ya mshipi juu ya mkondo huo na kuilaza upya upande wa juu, ndoano ikapita polepole mbele ya samaki. Kwa wavuvi wengi wazoefu hii ndiyo sababu kubwa ya kubeba fimbo ndefu, kuliko kurusha mbali.

Mtego wa namba

Kwenye kila fimbo ya aina hii kumeandikwa namba, kwa mfano 7, 8, 9 au 10. Namba hiyo haihusu urefu. Inaeleza uzito wa mshipi ambao fimbo inaweza kuubeba. Mshipi mwepesi mno hauwezi kuipinda fimbo, na fimbo isiyopinda hairushi kitu. Mshipi mzito mno unaichosha na unaweza kuivunja.

Hapa watu wamepoteza pesa zao. Namba 8 ya fimbo ya mkono mmoja si sawa na namba 8 ya mikono miwili. Sehemu ya mbele ya mshipi namba 8 wa mkono mmoja, ile inayotumika kupimia, ina uzito wa karibu gramu 14. Ule wa mikono miwili wenye namba hiyo hiyo, sehemu yake nzito hupita gramu 30. Mtu akitoa mshipi kwenye fimbo yake ndogo na kuufunga kwenye kubwa kwa sababu namba zinafanana, atarusha kutwa nzima bila kufika popote, na jioni atasema fimbo ni mbovu. Kwa hiyo ukiuliza dukani, usiulize namba peke yake. Uliza gramu, na uulize fimbo na mshipi kwa pamoja.

Mishipi nayo haifanani. Waskoti wa zamani hupenda ule ambao sehemu yake nzito ni ndefu sana. Unapendeza kuutazama lakini unataka ustadi na nafasi. Watu wa Norway na Sweden walieneza mtindo wa sehemu nzito fupi, inayorushwa kwa nguvu ndogo ya mkono wa chini. Na upande wa magharibi wa Marekani, kwenye mto Skagit, wavuvi walitengeneza mshipi mfupi na mnene kabisa ili uweze kuvuta ndoano kubwa na ncha inayozama hadi chini, kwa kuwa samaki wao wa majira ya baridi hukaa chini. Mwanafunzi anayeanza atapata nafuu kwa mshipi mfupi. Atajifunza mrefu baadaye, akipenda.

Kuhusu ugumu wa fimbo tutasema machache. Kuna zinazopinda ncha tu, na kuna zinazopinda hadi karibu na mshikio. Ile ngumu ya ncha huwapa wataalamu umbali, lakini humwadhibu anayekosea mpigo. Ya kati ndiyo ya kuanzia. Na usisahau kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi: kikiwa chepesi mno, fimbo inalemea mbele na mkono wa juu unauma kabla ya saa sita mchana. Ukiishika fimbo pale utakapoweka mkono wa juu, kigurudumu kikiwa kimefungwa na mshipi ndani yake, inatakiwa itulie, isianguke mbele wala nyuma.

Mkono wa chini ndio unaofanya kazi. Karibu kila anayeanza husukuma kwa mkono wa juu kwa nguvu zote, mshipi unaporomoka mbele yake kama kamba ya nguo iliyokatika. Ukivuta mkono wa chini kuelekea tumboni, fimbo inafanya yenyewe. Hilo halinunuliwi dukani.

Fimbo dhaifu na samaki anayetoweka

Je, kwa nini asinunue ndogo na ya bei nafuu? Pesa ni hoja kweli: za bei ya chini hupatikana kwa pauni mia na kitu, na zile za juu hupita pauni 1,000. Lakini kuna samaki pia wa kufikiriwa. Samoni wa Atlantiki wamepungua sana. Mwezi Desemba 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, liliwatangaza samoni wa kisiwa cha Uingereza kuwa katika hatari ya kutoweka. Uskoti, samoni yeyote anayenaswa kabla ya tarehe 1 Aprili lazima arudishwe majini, na kwenye mito iliyo katika hali mbaya lazima arudishwe mwaka mzima. Jumapili hairuhusiwi kabisa kuwavua. Siku hizi zaidi ya 90 katika kila samoni 100 wanaovuliwa huko kwa fimbo huachiliwa.

Fimbo dhaifu humlazimu mvuvi kupambana na samaki muda mrefu. Samaki huyo akifika ukingoni amechoka kupita kiasi, na hata akiachiliwa anaweza kufa mbali na macho ya mvuvi. Fimbo yenye nguvu ya kutosha humleta upesi, anafunguliwa akiwa bado ndani ya maji, anaondoka akiwa hai. Kwa hiyo kuchagua namba inayolingana na samaki wa mto ni sehemu ya kumwachia kwenyewe.

Tahadhari mbili kabla hatujarudi kwetu. Mtindo huu wa kuzungusha unazilegeza taratibu sehemu za fimbo zilizounganishwa, kwa hiyo wavuvi huzifunga kwa utepe ule wa mafundi umeme. Asiyefunga hujikuta nusu ya fimbo imeruka mtoni. Na upepo: mshipi huwekwa upande ule upepo unakokwenda. Ukivuma kuelekea chini ya mto, tao liwe upande wa chini. Ukivuma kuelekea juu, liwe upande wa juu. Ukikosea, upepo unakuletea ndoano usoni. Ndiyo maana huvaa miwani na kofia.

La umeme linatuhusu hata sisi tusiovua. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na fimbo ya mita 4 ikiinuliwa juu ya kichwa cha mtu inafika mbali. Wavuvi wa Uingereza huonywa wasivue ndani ya mita 30 kutoka kwenye nyaya za umeme zinazopita juu, na wazilaze fimbo zao wanapopita chini ya nyaya hizo. Ni hatari ile ile ya mtu anayeangua maembe kwa bomba la chuma chini ya waya wa nguzo. Radi zikianza, fimbo iwekwe chini.

Na mito yetu?

Uhusiano upo, wa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1905, Ewart Grogan alileta mayai ya samaki aina ya trauti kutoka ziwa Loch Leven, Uskoti, wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Trauti bado wapo kwenye vijito vya milimani, na wapo vijana wa maeneo hayo wanaowaongoza wageni kuvua.

Wao tunawaambia wasitamani fimbo ya mikono miwili. Vijito hivyo ni vyembamba, trauti ni mdogo kuliko samoni, na fimbo ya mkono mmoja ya mita 2.4 hadi 2.7 inatosha kabisa. Ndefu itanasa kwenye mianzi kila hatua. Lakini mbinu ichukueni. Inuka na fimbo polepole mpaka mshipi uning'inie nyuma ya bega, ncha yake ikiwa bado juu ya maji, usubiri kidogo, kisha piga mbele na usimamishe fimbo ghafla juu. Mshipi utajikunjua mbele yako, na kile kichaka kilicho nyuma hakitakusumbua.