Samaki huyu ana kilo ngapi? Futi kamba yaweza kukuokoa mwaloni

Na Mwandishi Wetu, Singida

ASUBUHI mwaloni Tulya, kando ya Ziwa Kitangiri wilayani Iramba, biashara huenda haraka kuliko mizani. Mtumbwi ukigusa nchi kavu, wachuuzi wanauzunguka, samaki wanamwagwa, na bei inatajwa kwa idadi, kwa fungu au kwa ndoo. Anayesita anakuta mzigo umekwishachukuliwa na mwenzake. Mchuuzi huyohuyo akifika mjini Singida au Kiomboi, mteja wa hoteli anamwambia anataka kununua kwa kilo.

Hapo ndipo mtaji unapopotelea. Umenunua kwa macho, unauza kwa mizani, na macho yana tabia moja mbaya: huona urefu, hayaoni uzito.

Chukua mfano wa mama aliyenunua perege 40 kwa shilingi 1,500 kila mmoja. Bei hizi ni za mfano tu, msomaji aweke za sokoni kwake. Ametoa shilingi 60,000. Kama samaki wale wana urefu wa sentimita 25, mzigo wake ni karibu kilo 11.8, na akiuza kilo kwa shilingi 8,000 anapata shilingi 94,400. Kama wana sentimita 22, mzigo ni kilo 8 tu. Anapata shilingi 64,000, na bado hajalipa nauli, barafu wala ushuru. Tofauti ni sentimita tatu, upana wa vidole viwili, lakini ni shilingi 30,000.

Sababu yake ni rahisi. Samaki akirefuka, ananenepa na kupanuka pia. Kwa hiyo uzito hauongezeki kama urefu unavyoongezeka, bali kama urefu ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Perege wa sentimita 30 si mkubwa kidogo kuliko yule wa sentimita 20. Ni zaidi ya watatu kwa pamoja.

Namna ya kukisia ni hii. Mlaze samaki juu ya ubao, pua iguse mwanzo wa rula, kisha soma mwisho wa mkia kwa sentimita. Zidisha urefu huo mara urefu, halafu mara urefu tena. Kwa perege, jibu ligawanye kwa 53, nawe unapata gramu. Simu yoyote ya mkononi yenye kikokotoo inatosha. Perege wa sentimita 20 anakuja gramu 151, wa 25 gramu 295, na wa 30 gramu 509.

Kambare ni mwembamba, hivyo hagawanywi kwa namba hiyo. Yeye ligawanye kwa 133. Kambare wa sentimita 40 ana karibu gramu 480, wa 50 gramu 940, na wa 60 anakaribia kilo moja na gramu 620. Anayelipa kambare wa sentimita 40 kwa bei ya perege wa sentimita 40 anajitakia hasara, maana perege wa urefu huo angepita kilo moja na gramu 200.

Namba hizi mbili si msahafu. Ni za samaki mwenye afya ya kawaida. Maziwa ya Singida, kuanzia Kitangiri hadi Singidani na Kindai pale mjini, ni ya kina kifupi na maji yake hupanda na kushuka sana kati ya masika na kiangazi, na samaki naye hunenepa na kukonda. Kwa hiyo tengeneza namba yako. Siku moja ukiwa na mizani, pima samaki 20 wa ukubwa mbalimbali, urefu na uzito. Kila mmoja, chukua urefu mara tatu, gawanya kwa gramu zake. Ukipata kwa wastani 60 badala ya 53, ujue samaki wa sehemu ile wamekonda, na bei yako ya kununulia nayo ikonde. Rudia zoezi hilo msimu ukibadilika.

Tahadhari nyingine: usichanganye wakubwa na wadogo ukatafuta urefu wa wastani. Hesabu itakudanganya. Tenga mafungu matatu kwa ukubwa, pima wachache kila fungu, kisha zidisha kwa idadi.

Wavuvi wa ndoano wa Marekani, wanaovua kwa burudani, wana kanuni yao ya samaki aitwaye bass. Wanapima urefu na mzunguko wa tumbo kwa inchi, wanazidisha urefu mara mzunguko mara mzunguko, wanagawanya kwa 800 na kupata ratili. Kwa sentimita na gramu, gawanya kwa 29. Bass wa sentimita 40 mwenye mzunguko wa 28 anakuwa na kilo moja na kidogo. Samaki huyo si mgeni kabisa Afrika Mashariki, kwani aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Kwa perege wetu, aliyebapa kama sahani, njia ya urefu peke yake ni nyepesi zaidi.

Rula hiyo ina kazi nyingine. Mzigo mwingi wa samaki unaoingia Singida kwa barabara ya Nzega na Igunga hutoka Ziwa Victoria. Huko kanuni za uvuvi hazitaki sangara aliye chini ya sentimita 50 wala sato aliye chini ya sentimita 25. Mchuuzi anayenunua mzigo bila kuupima anaweza kukamatwa nao njiani, na kusema hakujua hakutamsaidia.

Sasa twende kwenye kumshika, maana hapa watu huumia kila siku na kuona ni kawaida. Perege ana miiba mgongoni. Mkono ukimjia kutoka mkiani, miiba inasimama na kuchoma. Mjie kutoka kichwani, teleza kiganja kuelekea mkiani ukiilaza miiba ile, ndipo ushike.

Kambare ndiye mwenye ubishi. Hana magamba, anateleza kama sabuni, na kila upande nyuma ya kichwa ana mwiba mgumu ambao akiwa na hofu huusimamisha na kuufunga usirudi. Usimkamate katikati ya mwili, atajinyonga na kukuchoma. Weka kiganja chini ya kichwa, vidole vikae nyuma ya miiba hiyo miwili, na mkono wa pili ubebe tumbo. Kitambaa kilicholowa kinasaidia. Usimtie kidole mdomoni. Wale wazungu wa bass humshika samaki wao kwa mdomo wa chini kwa sababu meno yake ni madogo mno, lakini kambare hubana kama koleo.

Ukichomwa, osha kidonda hapohapo kwa maji safi na sabuni, si maji ya ziwa. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, au mkono ukivimba na kupata joto, nenda kituo cha afya na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Wapo wanaofunga kidonda kwa kitambaa cha kufutia samaki na kuendelea na kazi. Huko ni kuzika uchafu ndani ya nyama.

Kwa mfugaji wa bwawa, kumshika samaki vizuri ni fedha moja kwa moja, kwa sababu samaki wake anarudi majini. Ute ulio juu ya ngozi ndio kinga yake. Mkono mkavu, gunia kavu au vumbi la ukingoni huuondoa, na baada ya siku chache unaona madoa na samaki wanaoelea. Lowesha mikono, lowesha ubao, pima asubuhi kabla ya jua kali, na usimning'inize kwa mashavu. Ukikuta perege jike mwenye kidevu kilichojaa, mrudishe upesi. Perege wengi wa aina tunazofuga hubeba mayai na watoto mdomoni, na akishtuka huwatema.

Kwa nini mfugaji apime? Kwa sababu ya chakula. Tuseme umepandikiza perege na sasa wamo 500. Umevua 30 bila kuchagua, wamekuja sentimita 16 karibu wote. Kila mmoja ana gramu 77, bwawa zima lina kilo 38 na nusu. Ukilisha asilimia 3 ya uzito kwa siku, wanahitaji kilo moja na gramu 150 hivi. Singida mashudu ya alizeti yanapatikana kirahisi kuliko mikoa mingi, na huo ndio mtego wake: mtu anamwaga debe kwa kukisia, yasiyoliwa yanaoza chini, maji yanakosa hewa na samaki wanakufa alfajiri. Katika mkoa wenye uhaba wa maji kama huu, kubadilisha maji ya bwawa zima si mchezo. Pima kila baada ya wiki mbili na upange chakula upya.

Kama unayo mizani na hutaki hesabu za urefu, weka ndoo yenye maji juu yake, soma, tia samaki, soma tena. Tofauti ndiyo uzito wa samaki, naye hajakauka.

Mchuuzi akumbuke pia kwamba uzito wa mwaloni si uzito wa mjini. Ukimpasua samaki na kumtoa utumbo, sehemu ya kilo inabaki kwenye ndoo ya taka. Ukimkausha, ni zaidi: karibu robo tatu ya samaki mbichi ni maji. Bei ya samaki mkavu lazima ibebe kilo tatu au nne za mbichi.

Kukisia ni kwa ajili ya kununua pale pasipo na mizani. Wakati wa kumuuzia mteja kwa kilo, mizani iwe imekaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Katikati ya mwaka ukiitilia shaka, ning'iniza dumu tupu la lita tano, soma, kisha lijaze maji safi ya lita tano kamili na usome tena. Tofauti inapaswa kuwa kilo tano. Ikisoma nne na nusu au tano na nusu, iteremshe na uipeleke kwa wakala.