Ngorongoro si kreta peke yake

Mtu akitaja Ngorongoro, wengi wetu huiona mbele ya macho kreta ile mashuhuri: bakuli kubwa lenye kina cha mita zipatazo 600 na eneo la kilometa za mraba zipatazo 260, ambamo simba, nyati, nyumbu na faru huishi pamoja. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Eneo zima la hifadhi, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1959, lina zaidi ya kilometa za mraba 8,000, na kreta ni sehemu yake ndogo sana. Mgeni anayeteremka asubuhi kwa gari na kupanda jioni amewaona wanyama, hapana shaka. Mlima wenyewe hakuuona.

Yafaa basi tuuzungumzie mlima, kwa sababu ndio unaowanywesha watu wa Karatu, na kwa sababu hakuna njia ya kuufahamu inayoshinda ile ya zamani kuliko zote, yaani kwenda kwa miguu na kulala hemani.

Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi hukutana na miteremko ya mashariki ya nyanda hizo za juu, hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu na mvua. Hapo ndipo ulipoota ule msitu mzito tunaouona juu ya mashamba ya Karatu. Majani na kuvumwani zinazoning'inia mitini hunasa ukungu hata siku zisizo na mvua, na maji huzama polepole katika udongo na miamba ya volkeno, kisha hutokeza chini kama vijito na chemchemi. Mashamba ya kahawa ya Oldeani na Karatu yanategemea hali hiyo. Hata vitunguu vya Mang'ola, vinavyouzwa masoko ya mbali, hustawi katika nchi kavu kando ya Ziwa Eyasi kwa sababu ya chemchemi zinazopata maji yake kutoka nyanda hizo. Kwa upande wa magharibi, ambako mvua haivuki kwa wingi, mtu hukuta ukame wa bonde la Olduvai. Tofauti ya pande hizo mbili ni somo tosha juu ya thamani ya msitu.

Somo hilo haliwezi kufundishwa vema dirishani mwa gari. Si mbali na mji wa Karatu, upande wa Endoro, iko njia ya miguu inayopenya msituni hadi kwenye maporomoko ya maji na kwenye mapango ya tembo. Mapango hayo yamechimbwa na tembo wenyewe, ambao huchokonoa udongo kwa pembe zao wakitafuta madini ya kulamba. Mbali zaidi, kutoka kijiji cha Nainokanoka, msafiri huweza kupanda kreta ya Olmoti, ambako Mto Munge huanza safari yake, huporomoka ukingoni, na mwisho wake huingia katika Ziwa Magadi ndani ya kreta kubwa. Kwa hiyo hata kiboko anayetazamwa na watalii ana deni kwa nyasi zenye maji za Olmoti.

Kreta ya Empakaai nayo ina ziwa lenye kina kirefu, lililozungukwa na msitu, na mara nyingi heroe huonekana kandokando yake. Kushuka ni mwendo wa saa moja hivi; kupanda kunahitaji pumzi zaidi. Siku ya anga safi, aliyesimama ukingoni huona Oldoinyo Lengai, volkeno iliyo hai ambayo ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Wenye miguu imara huendelea kwa siku kadhaa, punda wakibeba mizigo, hadi Ngare Sero karibu na Ziwa Natron.

Safari hizo zina masharti, na masharti yake yana maana. Mgeni haruhusiwi kutembea ovyo wala kulala chini ndani ya kreta kubwa. Mahema hupigwa ukingoni, katika kambi kama ile ya Simba, na katika matembezi ya Olmoti na Empakaai askari mwenye silaha hufuatana na wageni. Nyati aliyeshtushwa hana mzaha. Aidha, kambi ya Simba iko juu zaidi ya mita 2,000, na miezi ya Juni hadi Agosti baridi yake humshangaza hata mtu aliyezaliwa Arusha. Blanketi moja halitoshi.

Na mvuvi je? Huyo asiende kreta na ndoana yake. Aende bonde la Eyasi, akajifunze jambo jingine. Miaka ya mvua nyingi ziwa hilo hujaa, na wavuvi huweka kambi kando yake wakivua kambare na perege. Mvua zikikosekana, maji hurudi nyuma na kuacha uwanja mweupe wa chumvi, na kambi huvunjwa. Ni ziwa lisilo na kina, na kila badiliko la mvua na la vijito vinavyoliingia huonekana upesi katika nyavu za wavuvi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna budi kuuliza kama mwenyeji anapona kweli. Mkulima anayepakana na msitu hukesha akiwafukuza tembo wasimalize mahindi yake, huku magari ya watalii yakimpita mchana kuelekea lango la Lodoare. Ndani ya hifadhi nako wanaishi wafugaji wa Kimasai, ambao baadhi yao walihamia huko walipoondolewa Serengeti, na ambao sheria ya 1959 ilitambua kuwa wana haki ya kuishi humo pamoja na wanyama. Waliokuwa ndani ya kreta waliondolewa mwaka 1974. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975. Na tangu 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, jambo lililozusha mabishano makubwa ambayo hayajakwisha. Anayepiga hema Nainokanoka au Bulati na ajue kwamba amepiga hema uani kwa watu.

Kwa maoni yetu, utalii wa miguu unaweza kuwa wa haki zaidi kuliko ule wa gari, endapo utaendeshwa vizuri. Mwenda kwa miguu anahitaji kiongozi anayejua jina la kila mti, mpishi, mwenye punda, na viazi na mayai kutoka soko la Karatu. Fedha yake huteremka mikononi mwa wengi. Tena humpunguzia mzigo chini ya kreta, ambako magari husongamana kumzunguka simba mmoja. Lakini njia zikiongezwa bila uangalizi, kuni zikakatwa kiholela na takataka zikaachwa kambini, tutakuwa tumeuhamishia msituni uharibifu ule ule. Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Mwaka 1984 ikatajwa miongoni mwa mahali palipo hatarini, na haikuondolewa humo hadi 1989. Sifa peke yake haikuikinga.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Wenye mamlaka wawape kipaumbele vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu katika mafunzo na ajira ya kuongoza wageni, ili anayekesha na tembo usiku apate kitu kwa tembo huyo mchana. Wenye makampuni wahakikishe kila kilichopandishwa kambini kinateremshwa, pamoja na chupa tupu. Na shule zetu, ambazo kiingilio chao hulipwa kwa shilingi tena ni kidogo sana kikilinganishwa na cha wageni, ziwapeleke watoto. Wasipelekwe kumtazama simba tu. Waonyeshwe kijito kinapotoka chini ya mti, kisha waoneshwe bomba la kijijini kwao.

Mtoto aliyeuona uhusiano huo kwa macho yake hatahitaji kuambiwa kesho, akiwa mtu mzima mwenye shoka mkononi, kwa nini mti ule usikatwe.