Mkutano wa AA: namna ya kuufikia

Jamaa zetu wengi huuficha ulevi wa kijana wao mpaka ini limeharibika, wakichelea jina la ukoo. AA, iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, iliijua aibu hiyo mapema: mtu hutaja jina lake la kwanza tu, na yasemwayo mkutanoni hayatoki nje. Hakuna ada. Hakuna hata daftari la wanachama, jambo lililonishangaza mimi karani. Sharti ni moja, awe anataka kuacha kunywa.

Kabla ya kwenda, ulizeni kama mkutano ni wa wazi au wa wenyewe. Wa wazi, hata mama huweza kukaa akasikiliza. Anayeogopa kuonekana mlangoni, ipo mikutano ya intaneti, na mara nyingi kamera huweza kuzimwa. Mungu hutajwa, lakini kwa jinsi kila mmoja amjuavyo. Mwislamu huingia na dini yake. Familia nazo zina mikutano yao, Al-Anon, tangu 1951.

Aliyezoea kunywa sana kila siku aonane na daktari kwanza, kwani kuacha ghafla huweza kuleta kifafa. Na kundi la kwanza lisipompendeza, ajaribu la pili.